Mbwa Aliyemtazama Binti Yangu

Katika mstari wetu wa nyumba, hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, milango mingi ni pazia, na pazia haligongwi. Mgeni husimama nje, hupiga hodi na kungoja aambiwe karibu. Asipojibiwa hupiga hodi ya pili, kisha ya tatu. Baada ya hapo huenda zake, maana kuingia nyumba ya watu bila kukaribishwa ni tabia ya mwizi. Adabu hiyo tulikuja nayo kutoka Kivu ya Kusini, na majirani zetu Warundi wanayo pia. Naipenda, lakini iliniondolea wageni wote.

Niliacha kusikia miaka sita iliyopita, nikiwa na miaka thelathini na minane. Ilianza kama malaria, ikawa homa ya uti wa mgongo. Nilibebwa kutoka zahanati ya Base Camp, kitovu cha kambi yetu, hadi hospitali ya Mbarara, na siku nilipopata fahamu nilimwona muuguzi akifungua na kufunga mdomo juu yangu. Nilidhani ananitania. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule kwetu na hapa kambini pia, na sauti yangu ilibaki. Naongea mpaka leo, watu wanasema kwa sauti kubwa mno. Kilichoondoka ni kusikia tu. Kwa kuwa mwalimu asiyewasikia watoto hawezi kufundisha, nilijifunza kufuma vitambaa vya meza na mashuka ya harusi. Ni kazi inayotaka macho yakae kwenye uzi. Mtu anaweza kusimama hatua mbili kutoka kwangu na nisijue.

Tangu hapo nina daftari. Anayejua kuandika huniandikia, asiyejua huongea polepole nami nikamsoma midomo, kisha jioni nikaandika alichosema. Nimeyatunza madaftari yote kwa tarehe. Maneno ya watu ninayoyaweka hapa nimeyatoa humo.

Masikio yangu mapya yalikuwa binti yangu. Nilipougua alikuwa na miaka kumi na mitatu, mtoto pekee niliyebaki naye. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Alianza tu. Tulikuwa tukikaa pamoja, yeye na madaftari yake ya shule, mimi na uzi wangu, na ghafla nilihisi kidole chake kwenye kiwiko: mguso mmoja, kuna mgeni, miwili, maji yamefunguliwa bombani, mitatu, wanatangaza kitu kwa kipaza sauti. Alifanya hivyo kwa miaka sita. Alifanya hivyo akiwa na homa. Alikataa kwenda kulala kwa rafiki zake, akakataa kwaya ya vijana kwa sababu mazoezi yalikuwa jioni. Nami nilizoea, kama mtu anavyozoea kuwa na mikono miwili.

Barua niliikuta chini ya godoro siku tulipoliondoa kulianika. Ilikuwa na siku nne tayari. Chuo cha uuguzi cha Kakiika, huko Mbarara, kilikuwa kimempa nafasi, na shirika moja lilikuwa limekubali kumsomesha. Alitakiwa kuripoti kabla ya mwisho wa mwezi uliofuata. Asiporipoti, nafasi ingepewa mwingine.

Nilimwonyesha barua. Alichukua daftari.

"Siende," aliandika.

"Kwa nini?"

"Nani atakuambia maji imefika?"

"Wakipiga ringi, watu wote wanatoka. Nitawaona."

"Utabaona bakirudi na bidoni zimejaa. Mama, juzi ulikosa maji siku mbili juu nilikuwa kwenye mtihani. Unasahau?"

Sikuwa nimesahau. Bomba letu hufunguliwa bila saa. Mlinzi wake hupiga ringi la gari lililotundikwa kwenye mti, na anayechelewa hukuta mstari mrefu na maji yamekatika.

Mbwa ulikuwa mzaha wake mwenyewe. Siku chache baadaye alinionyesha video kwenye simu, mbwa wa nchi za mbali waliofundishwa kuwasaidia viziwi. Kengele ya mlango inalia, mbwa anakwenda kumgusa mwenye nyumba na kumpeleka mlangoni. Mtoto analia, mbwa anamwamsha mama. Binti yangu alicheka. Mimi niliitazama video ile mara nne, kisha nikamwuliza, "Nikipata wa hivyo, utaenda?"

Alivuta daftari.

"Kama mbwa itafanya kazi yangu siku saba bila mimi, nitaenda," aliandika. Akatia sahihi, kwa utani. Sahihi hiyo bado ninayo.

Mbwa tulimpata kwa jirani yetu wa ng'ambo ya njia, mama wa Kirundi anayeuza ndagala sokoni Base Camp. Hao ni samaki wadogo waliokaushwa, na chini ya meza yake aliishi mbwa mwembamba wa rangi ya udongo aliyengoja kila kilichoanguka. Jirani huyu hajui kusoma wala kuandika, lakini ana midomo mikubwa inayosomeka kama ubao, na mikono inayomalizia kila sentensi. Alipojua ninachotaka alishika kiuno.

"Mwalimu! Unataka imbwa ya kubweka, na kubweka hauisikie? Ni sawa mimi ninunue gazeti!"

"Sitaki abweke. Nataka aniguse."

"Akuguse? Eh! Chukua. Chukua leo, mbele ubadilishe akili. Imbwa hii inakula faida yangu yote, na asante hasemi."

Nilimpeleka kwa afisa wa mifugo, akachomwa sindano ya kichaa cha mbwa, nikapewa kadi yake. Nilimwogesha mara tatu. Kwetu mbwa hulala nje na kulinda, kwa hiyo watu walipoona amelala miguuni pangu ndani ya nyumba, waliongea. Mama mmoja wa kanisani aliniandikia swali moja tu: "Mwalimu, na maombi pia mutafanya naye?"

Nilitengeneza orodha kama ratiba ya darasa: hodi, ringi la maji, kipaza sauti, sufuria inayofurika, na mvua, kwa sababu huanika maharage yangu nje kwenye turubai na mvua ya huku haitoi taarifa. Binti yangu ndiye aliyekuwa mwalimu wa mbwa. Alikaa naye karibu na mlango, rafiki zake wakapita nje kupiga hodi, na mbwa alipokuja kunigusa goti kwa pua, nilimpa ndagala mmoja. Alielewa upesi kiasi cha kushangaza. Baada ya wiki mbili nilimpa alama: hodi, tisa kwa kumi, ringi, nane kwa kumi, sufuria, kumi kwa kumi, maana sufuria ina chakula. Nilimwambia binti yangu, "Mwanafunzi wako amefaulu. Anza kufunga mizigo."

Siku saba zilianza Jumatatu. Binti yangu alichukua mkeka na nguo zake akahamia kwa mama wa ndagala, ng'ambo ya njia. Tulikubaliana asije, asinipe ishara. Angeangalia tu na kuandika.

Siku ile nzima mbwa alilala kizingitini akitazama nyumba ya ng'ambo. Hakunigusa hata mara moja. Nilijiambia kwamba labda hakuna aliyekuja. Jioni binti yangu aliniletea karatasi aliyoiandika kama ripoti, bila huruma: watu watano walipiga hodi, wote wakaondoka, mmoja akiwa mteja aliyetoka Rugaaga kwa miguu kutaka shuka la harusi. Maji yalifunguliwa mara mbili. Siku ya pili ilikuwa hivyohivyo. Siku ya tatu nilikuwa nafuma, mbwa akaingia, moyo wangu ukaruka kwa furaha, nikamshika. Alikuwa amelowa. Ndivyo nilivyojua kwamba mvua inanyesha. Maharage yalikuwa yakielea.

Binti yangu alivuka njia akiwa na mkeka kichwani kama mwavuli, na tukayaokota pamoja. Kisha akautandika mkeka mahali pake pa kawaida. Nilimtazama usoni. Ulikuwa uso wa huzuni, lakini mabega yake yalikuwa yameshuka kama ya mtu aliyetua mzigo. Na mimi, lazima niliandike hili, nilijipekua moyoni nikaikuta huzuni, na pembeni yake nikakuta nafuu. Atabaki. Nilijionea haya, nikaenda kupepeta maharage.

Aliyeona kosa letu ni mama wa ndagala. Alikuja kuleta nguo ambazo binti yangu alisahau kwake, nami nikamlalamikia kwamba mbwa wake amenidanganya, alijua kila kitu na sasa amesahau.

"Hajasahau. Fanya kama mulivyofanya. Mimi nikae hapa niangalie."

Binti yangu alikaa mahali pake. Rafiki yake mmoja akasimama nje, akapiga hodi. Mbwa akanyanyuka, akaja, akanigusa goti. Kamili! Nilifungua mikono kama wakili. Lakini jirani yangu alikuwa anacheka mpaka anajipiga paja.

"Mara ingine," alisema. "Binti, funika kichwa."

Alichukua kitenge akamfunika binti yangu kichwa na mabega, akawa kama kifurushi. Mtu wa nje akapiga hodi tena. Mbwa alisimama, akakitazama kile kifurushi. Akamtazama mama wa ndagala. Akalala.

"Umeona, Mwalimu? Imbwa haijui hodi. Inajua shingo ya binti."

Alinieleza mara mbili, polepole, kwa midomo na mikono. Binti yangu anaposikia hodi, kabla ya kufanya jambo lolote, anageuza kichwa kidogo kuelekea mlangoni. Anaposikia ringi, anakigeuza upande wa bomba. Amefanya hivyo miaka sita, hajui hata kama anafanya. Mbwa alikaa naye wiki mbili akimsoma shingo, kwa sababu mbwa husoma watu kuliko kitu kingine chochote, na shingo ikigeuka alijua kuna ndagala kwa mama. Sauti haikumhusu. Kama binti yangu angekuwa kiziwi na kugeuza shingo ovyo, mbwa angekuja vilevile.

Babake jirani huyu alikuwa mwindaji huko Burundi, na mbwa wake walivaa kengele shingoni. Alisema mbwa mdogo alipelekwa kwanza kwenye majani marefu kuliko mtu, asiweze kuuona mkono wa mwindaji, ajifunze kufuata kengele za wenzake. "Akiona mukono, atajifunza mukono. Siku mukono haupo, hana kazi."

"Basi tufanye nini?" nilimwuliza.

"Binti aende."

"Aende wapi?"

"Mbali. Kama kuna mutu wa kusikia humu ndani, imbwa itamuangalia yeye. Humu kubaki kiziwi na imbwa, basi."

Nilimtafsiria binti yangu, ingawa yeye ndiye aliyekuwa na masikio. Alikuwa amesikia vizuri kabisa. Alikuwa amekasirika. Nilisoma midomo yao yote miwili, kichwa changu kikienda huku na huku.

"Kwanza ifaulu, njo niende," alisema binti yangu.

"Haitafaulu mbele ya weye kwenda."

"Na kama haitafaulu kabisa?"

"Basi itakuwa imbwa. Kwani sasa ni nini? Ni padri?"

Zilibaki siku sita kufikia siku ya kuripoti. Nilizitumia mbili kufuma. Nilijiuliza, kama nilivyokuwa nikiwauliza wazazi wa wanafunzi wangu zamani, mtoto huyu anakaa nyumbani kwa ajili ya nani? Jibu sikulipenda. Siku ya tatu nikamwambia ataondoka Jumatatu.

"Bila kujua kama mbwa itaweza?"

"Bila kujua."

"Na kama haiwezi?"

"Nitakuwa mama kiziwi mwenye binti muuguzi. Sasa hivi ni mama kiziwi mwenye binti anayegeuza shingo."

Alishika kalamu akaandika neno moja: "Unanifukuza." Aliikandamiza kalamu hivi kwamba neno lile linasomeka kwenye kurasa tatu zilizofuata. Ilikuwa kweli. Jumatatu nilimsindikiza hadi Base Camp, sanduku likapandishwa juu ya taksi, akapanda, akaketi upande usio wangu.

Wiki ya kwanza peke yangu ilikuwa mbaya, sitaipamba. Mbwa alimtafuta. Alinusa mkeka, alikaa njiani, alirudi akanitazama kama mtu anayeuliza swali la haki. Mimi pia nilikuwa nikimtazama yeye.

Mama wa ndagala alinikuta nje, akanipa mpango wake. Samaki wasikae kwangu tena.

"Samaki iko kwa mugeni," alisema. "Mugeni anapiga hodi, imbwa inatoka nje, inasikia harufu. Mugeni anafunga ngumi hivi. Hapana kumupa! Weye ukitoka, ngumi inafunguka. Weye usipotoka, mugeni anaenda na samaki yake. Imbwa itajua: bila huyu mama, hakuna kula."

Ilikuwa rahisi namna hiyo, lakini ilihitaji wageni, wengi, kutwa. Aliwapata. Sikumwomba. Alipita nyumba kwa nyumba katika mstari wetu, Wakongomani na Warundi, akamgawia kila mwanamke kikaratasi chenye ndagala kutoka mezani pake. Kila aliyekuwa akienda sokoni, shambani, kisimani au kanisani alipaswa kusimama mbele ya pazia langu, kupiga hodi tatu kwa adabu zake zote, kumwonyesha mbwa ngumi, kungoja kidogo, na kwenda. Wengi sikuwaona. Nilikuwa ndani nafuma, na nje watu walikuwa wakipiga hodi kwa ajili yangu, siku baada ya siku, kwenye nyumba wasikojibiwa. Mpaka leo nikifikiria hilo lazima niweke uzi chini.

Walilipwa kwa kuchekana. Mmoja aliniandikia baadaye: "Mwalimu, bwana yangu ananiuliza juu ya nini nasalimia mbwa mara ine kwa siku na yeye mara moya." Mwingine alisema mtoto wake wa miaka miwili sasa anapiga hodi kwa kila mbwa anayemwona.

Ilikuwa Alhamisi ya wiki ya pili, saa nne asubuhi. Nilikuwa nahesabu vitundu vya ukingo wa shuka. Nilihisi pua baridi kwenye goti, nikafikiri anataka chakula, nikamsukuma. Akarudi. Nikamsukuma tena. Ndipo akakamata pindo la kitenge changu kwa meno na kurudi nyuma nalo, akinivuta, hesabu ikapotea na uzi ukaviringika sakafuni. Nilisimama nikiwa nimekasirika, nikamfuata hadi kwenye pazia, nikalivuta.

Mama wa ndagala alikuwa amesimama pale, ngumi mbele, mdomo wazi katikati ya hodi. Tulitazamana. Alifungua ngumi, akamwaga ndagala wote chini, akaanza kucheza ngoma ya kwao katikati ya njia, na kapu likiwa kichwani.

"Karibu," nikasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka sita kumkaribisha mgeni ambaye sikuwa nimeambiwa na binti yangu kwamba yupo. Alipoingia nilimwomba atoke, apige hodi upya, nimkaribishe tena. Alitoka. Tulifanya hivyo mara tatu, watu wazima wawili, na mbwa akala kila mara.

Baada ya hodi, ringi halikuwa gumu. Mlinzi wa bomba alikubali kukaa na ndagala mfukoni. Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyelifikiria: kikanisa cha Wakatoliki kilicho chini ya mteremko nacho hakina kengele, kina ringi. Jumapili mbwa alinivuta kitenge, nikachukua bidoni yangu ya njano, nikamfuata kwa imani kamili, nikishangaa kwa nini leo tunakwenda kushoto. Nilipogundua tulikuwa tumeshaingia ndani, na watu wote wamegeuka. Katekista alinionyesha nafasi kwenye benchi. Kuondoka kungekuwa aibu kubwa zaidi. Nilikaa, mimi Mpentekoste, na bidoni mapajani, na mbwa chini ya benchi, mpaka baraka ya mwisho. Mama wa ndagala, ambaye ni Mkatoliki, alisimama mstari wa mbele akitikisika mabega ibada nzima. Nje aliniambia, "Nilijua. Nilipompata tu, nilijua imbwa hii ni mukatoliki."

Nilimwandikia binti yangu kisa hicho kwa simu. Tangu aondoke alikuwa akijibu ujumbe wangu kwa maneno mawili matatu: niko salama, nimekula. Safari hii jibu lilikuja upesi: "Mama!!! Na sadaka ulitoa ao ulitoa maji?" Nililisoma mara nyingi. Kisha likaja la pili: "Njo kusema inasikia kweli." Nikamjibu kwamba anasikia kweli. Kisha ukaja ujumbe wa tatu: "Asante kwa kunifukuza."

Mvua mbwa hakujifunza. Nadhani hakuona kwa nini aje kusema jambo ambalo kila mtu anaweza kulihisi mgongoni. Mvua ikianza, aliye karibu hupiga hodi, na mbwa hunileta. Sufuria anaiangalia mwenyewe, kwa sababu zake. Na kitu kikubwa zaidi nilikiona kwenye madaftari. Zamani daftari moja lilinitosha karibu mwaka, na mwandiko ulikuwa mmoja, wa binti yangu, akinipa habari za watu kwa ufupi. Daftari la baada yake lilijaa kwa miezi miwili. Ndani yake kuna miandiko kumi na mmoja. Kuna ugomvi wa mume na mke ulioandikwa na pande zote mbili, kuna mapishi ya sombe, yaani kisamvu, kuna mtu aliyechora mbuzi wake aliyepotea. Yule mteja wa Rugaaga alirudi, akapiga hodi, akakaribishwa, akakaa saa nzima, akasahau kilichomleta.

Mwezi wa tatu tangu binti yangu aondoke, nilimwacha mbwa kwa mama wa ndagala nikaenda Mbarara kumwona. Kakiika kumetulia, kuna migomba na ng'ombe katikati ya nyumba za wapangaji, na chuo kiko kando ya barabara ya vumbi. Matroni wa bweni, mama wa Kiganda mwenye miwani, alinipokea, akaona daftari langu, akalichukua bila kuuliza.

"Mama, huyu mutoto mwanzo alitusumbua," aliandika. "Kitu kidogo, kichwa iko kwa mulango. Pikipiki napita, yeye naangalia. Bomba nafunguka, naangalia. Tunauliza, nani nakuja? Yeye nasema hakuna mutu. Usiku haiwezi kulala. Saa hii iko sawa. Iko nasoma sana."

Binti yangu alisoma nilichoandikiwa, akaona haya. Alisema ni kweli. Wiki za mwanzo kila sauti ilimgeuza, na akigeuka mkono wake ulitafuta kiwiko cha kugusa. Darasani alimgusa msichana aliyekaa kando yake mara mbili, yule akahamia benchi lingine. Mwalimu alipiga chaki ubaoni, lori likapita nje, na yeye akapoteza somo kwa kuhesabu sauti ambazo hakuna aliyezihitaji. Sikuwa najua hayo. Nilikuwa nimefikiri kwamba ni mbwa tu aliyekuwa na la kujifunza.

Tulikula mchana katika bwalo. Nilikuwa nimekaa nikiuona ukumbi wote, na nikaona vichwa vyote vikigeuka kwa pamoja kuelekea jikoni. Kitu kilikuwa kimeanguka, kikubwa, maana mpishi alitoka akiwa ameshika mdomo. Binti yangu alikuwa ananieleza habari ya mwalimu wao wa anatomia, namna anavyotembea. Alikuwa anamwigiza kwa vidole viwili juu ya meza. Hakugeuka. Alimtembeza yule mwalimu mpaka ukingoni mwa sahani yangu, akacheka, akaendelea kula.

Baada ya chakula aliniambia ana jaribio Jumatatu, na kwamba wenzake wote wana watu wa kuwauliza maswali. Tulikaa kwenye ngazi za bweni, kitabu chake mapajani pangu. Kitabu ni cha Kiingereza, nami nakisoma Kiingereza kwa ulimi wa Kifaransa, kwa sauti yangu kubwa isiyojisikia, hivi kwamba wasichana waliokuwa wakianua nguo walisimama kusikiliza. Nilimwuliza mifupa ya mkono, kuanzia begani kushuka. Alijibu polepole ili nimwone midomo, huku akigusa kila mfupa juu ya mkono wangu badala ya wake. Nilifuata kwa kidole kitabuni. Tulipofika kwenye kifundo, palipo na mifupa midogo minane, alitaja saba kisha akakwama, akafumba macho, akauma mdomo kama alivyokuwa akifanya darasa la pili. Nilimngoja. Nilikuwa na jibu mbele yangu na sikumpa.

Nilichukua kalamu yake nyekundu nikamwandikia saba kwa nane. Alibisha kwamba wa nane alikuwa ameugusa, ni jina tu lililomponyoka. Nikamwambia jina ndilo linaloulizwa, na nikafungua ukurasa uliofuata.